Swali la lugha: Protini hufunga sukari au huishika?

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Natayarisha kipindi cha afya redioni hapa Lindi. Tunataka kuzungumzia utafiti wa Gabriel Rabinovich wa Argentina, na nimeandika hivi: 'Mtafiti huyu anachunguza protini zinazofunga sukari na majibu ya kinga.' Mwenzangu wa studio anasema wasikilizaji watadhani tumeleta dawa ya kisukari. Mimi naona maneno yote ni ya Kiswahili cha kawaida. Nani yuko sawa, na kama si mimi, tuseme nini?"

JIBU: Marahaba, dada. Mwenzako yuko sawa. Ni kweli sentensi yako haina neno geni, lakini karibu kila neno ulilotumia lina kazi nyingine midomoni mwa watu unaowasemesha, na kazi hiyo ndiyo itakayosikika kwanza.

Chukua kufunga. Mtu akiingia duka la dawa hapa Mtwara huuliza, "Una dawa ya kufunga kuhara?" Kliniki ya uzazi wa mpango husema mama amefunga kizazi. Katika mazungumzo ya afya, kufunga kitu ni kukikomesha. Sasa mpelekee kitenzi hicho, pamoja na neno sukari, mtu ambaye mama yake hupimwa kliniki na kuambiwa "sukari imepanda". Atasikia kwamba imepatikana protini ya kukomesha kisukari. Ataiulizia, na huenda mgonjwa akalegeza vidonge vyake akiisubiri. Kwa hiyo swali lako silihesabu kuwa la urembo wa lugha.

Sukari anayoichunguza Rabinovich ni nyingine. Ile inayopimwa kwa tone la damu kidoleni ni glukosi, nayo huelea kwenye damu. Hii imejengwa kwenye utando wa seli: minyororo ya sukari za aina mbalimbali, kama galaktosi, manosi na asidi ya sialiki, iliyoungwa kwenye protini na mafuta ya utando huo. Mfano ulio karibu na wasikilizaji wako ni makundi ya damu, ambayo Karl Landsteiner aliyaeleza mwaka 1901. Mwenye kundi A ana sukari iitwayo N-asetilgalaktosamini kwenye ncha ya mnyororo. Mwenye B ana galaktosi mahali hapohapo, na mwenye O hana hii wala ile. Kila aliyewahi kuchangia damu katika Hospitali ya Ligula aliwekwa kwenye kundi lake kwa sababu ya sukari za namna hii.

Sarufi yenyewe inakusaidia hapa. Ugonjwa husemwa kwa umoja: sukari imepanda, sukari imeshuka, ana sukari. Ukisema "sukari zilizo juu ya seli", ule upatanisho wa wingi unamzindua msikilizaji kwamba hili ni jambo jingine. Sukari iko katika ngeli ya I-/ZI-, na wingi wake ni halali kabisa pale tunapotaja aina. Usiogope kusema sukari hizi, sukari zake.

Tuje kwenye kitenzi. Protini hizi kwa jumla huitwa lektini. Jina hilo lilitolewa mwaka 1954 na William Boyd wa Marekani, kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchagua, kwa sababu dondoo (majimaji yaliyokamuliwa) za mbegu fulani zilikuwa zikishika damu ya kundi moja na kuiacha ya kundi jingine. Kitenzi cha Kiswahili tunachokitafuta, basi, kisiharibu wazo la kuchagua. Wapo wanaoandika "protini zinazonata kwenye sukari". Kunata ni kazi ya ulimbo: ndege yeyote atakayetua ananaswa, awe njiwa au chiriku. Lektini haishiki kila sukari inayopita.

Tena lektini huachia, na hapa kufunga kunashindwa kabisa. Mwaka 1936 James Sumner na mwenzake walionyesha kwamba konkanavalini A, lektini ambayo Sumner mwenyewe alikuwa ameitoa kwenye mbegu za jamii ya maharage, huacha kuzikusanya chembe za damu ikimiminiwa sukari ya miwa. Nafasi zake za kushikia zimejaa sukari hiyo, hivyo za kwenye chembe hazipati nafasi. Ndani ya miili yetu kuna selektini, zilizo kwenye kuta za mishipa ya damu karibu na penye maambukizi. Seli nyeupe ikipita kwa kasi, selektini zinaishika na kuiachia, zinaishika na kuiachia, mpaka mwendo unapungua, seli inabiringika polepole ukutani, kisha inapenya kwenda penye vijidudu. Zingeifunga, isingefika.

Kushika kunabeba yote hayo. Mkono hushika na huachia, nao huchagua cha kushika. Andika "protini zinazoshika sukari". Ila nomino ya mshiko iache: vijana wako watasikia pesa.

Kushikamana nako kuna kazi yake, usikutupe. Mwaka 1888 Peter Hermann Stillmark, katika mji ambao leo unaitwa Tartu, Estonia, alichanganya dondoo ya mbegu za mbarika na damu, na chembe nyekundu zikashikamana mafungumafungu. Lektini ilishika sukari za chembe hii na za chembe ile kwa wakati mmoja, ikaziunganisha. Lektini inashika, seli zinashikamana: ukivitenga vitenzi hivyo viwili, maelezo mazima yatatulia. Usiandike kwamba damu iliganda. Kuganda ni kwa damu ya kidonda, na hutendwa na protini nyingine kabisa.

Majibu ya kinga. Hapa kusini, kama kwingine nchini, majibu hufuatwa maabara: "Majibu yangu yametoka?" Nayo kinga, ikiachwa peke yake, wengi wataielewa kuwa kondomu, maana ndivyo matangazo yalivyotuzoeza: tumia kinga. Sentensi yako inaweza kusikika kama inazungumzia vipimo vya kondomu. Sema kinga ya mwili, kila mara, hata kama unaona unarudia. Kingamwili nayo ina utata, maana wengine huitumia kwa mfumo mzima na wengine kwa zile protini ambazo mwili huunda dhidi ya kijidudu fulani.

Badala ya majibu wataalamu husema mwitikio, na ni neno zuri, limetokana na kuitikia. Hata hivyo katika habari zetu mwitikio ni wingi wa watu waliojitokeza: mwitikio wa chanjo ulikuwa mzuri Ruangwa. Kwa redio ningependa kitenzi chenyewe: jinsi kinga ya mwili inavyoitikia. Mwaka 1960 Peter Nowell aligundua kwamba lektini ya maharage mekundu, ikiwekwa kwenye damu ndani ya chupa ya maabara, huzifanya seli nyeupe zianze kugawanyika. Sukari zao zimeshikwa, nazo zimeitikia. (Maharage hayohayo mabichi au yaliyoiva nusu hutapisha kwa sababu ya lektini hiyo, na kuyachemsha vizuri huiharibu. Waambie, ni faida kwao.)

Sasa umfikie Rabinovich kwa maneno haya yaliyokwisha kunyooka. Yeye hushughulika na galektini, lektini za mwilini zinazochagua sukari zenye galaktosi. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba galektini-1 ikizishika seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) zilizoamshwa, seli hizo hufa. Mwaka 2004 Rabinovich na wenzake walizuia seli za saratani ya ngozi zisitengeneze galektini-1 katika panya, na kinga ya panya hao ikapata nguvu ya kuukataa uvimbe. Saratani, kumbe, ilikuwa ikiitumia galektini kuinyamazisha kinga. Mwaka 2007 kundi hilo likaeleza kwa nini seli T nyingine husalimika: aina ya Th2 imefunikwa kwa asidi ya sialiki, galektini-1 haipati pa kushika, ilhali aina nyingine mbili za seli T, Th1 na Th17, ziko wazi. Jaribu kusema habari hii ya mwisho kwa kufunga, utaona inavyokataa.

Limebaki lile "na". "Protini zinazofunga sukari na majibu ya kinga": msikilizaji ana haki ya kuelewa kwamba protini hizo zinafunga vitu viwili, sukari na majibu. Kiungo hicho kikitanguliwa na kirejeshi kama "zinazo-", hupenda kuunganisha na neno lililo karibu. Mpe kitenzi chake. Ningeiandika sentensi yako hivi:

"Mtafiti huyu anachunguza protini zinazochagua na kushika sukari zilizo juu ya seli, na jinsi kushika huko kunavyoiamsha au kuituliza kinga ya mwili."

Baada yake sema waziwazi, kabla hujaendelea: "Sukari hizi si ile inayopimwa kwa mgonjwa wa kisukari, na mwenye dawa zake aendelee nazo."

Kuhusu galektini-1, kwenye karatasi iandike hivyohivyo. Hewani usiisome "galektini moja", kwa kuwa msikilizaji atahesabu. Sema "galektini namba moja", kisha upatanishe kwa umoja: galektini namba moja inashika, imeshika, ikishika.