Daftari la mahudhurio lisome kwenda chini

Mwaka wangu wa kwanza kama mwalimu wa taaluma, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilijifungia stoo ya vitabu nisionane na mtu. Shule yetu ni ya kata, iko Moshi Vijijini, huku juu ambako migomba inagusana. Ziro zilikuwa nyingi kuliko daraja la kwanza, la pili na la tatu ukizijumlisha. Kwenye kikao kila mwalimu alikuja na mkosaji wake: wazazi, simu, bodaboda, Kiingereza, msingi mbovu wa darasa la saba. Mimi nilisema utoro, na dawa yangu ilikuwa fimbo getini.

Naanza na kosa hilo kwa sababu bado naliona likifanywa. Saa moja na nusu geti linafungwa, aliyechelewa anachapwa. Kanuni za mwaka 2002 zinataka achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, viboko visizidi 4, na kila adhabu iandikwe. Pale getini hakuna aliyeshika hata kalamu. Ndani ya wiki mbili wachelewaji wakaisha, nami nikavimba kichwa.

Mlinzi ndiye aliyenishusha. "Mwalimu, hebu njoo uone." Tukateremka kidogo chini ya barabara, kwenye shamba la jirani. Katikati ya migomba nyasi zilikuwa zimelala kama pamelala ng'ombe, kumejaa makapi ya miwa na karatasi zilizochanwa kwenye madaftari. Watoto walikuwa wakifika, wakikuta geti limefungwa wanajichimbia hapo hadi wenzao watoke, kisha wanapanda nao nyumbani. Mama anajua mwanawe katoka shule. Sisi tunajua hakuja. Mchelewaji wa dakika kumi tulimgeuza mtoro wa kutwa nzima, kwa mikono yetu wenyewe.

Fimbo ya geti ikakoma, lakini utoro haukukoma. Ndipo jioni moja nikachukua madaftari ya mahudhurio ya madarasa yote na rula. Walimu tumezoea kulisoma daftari kwa mstari: jina la mtoto, siku alizokosa, aitwe, aulizwe, aadhibiwe. Nikaweka rula wima, nikasoma siku moja moja, kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Siku za soko zilikuwa na matobo. Kuanzia mwezi wa 7, kahawa inapoiva, matobo mengine. Hayo niliyaelewa, mimi mwenyewe nimelelewa kwa ndizi za soko. Yaliyonishinda ni Jumatatu, tena Jumatatu za mwezi wa 3 hadi wa 5 tu. Nikasema moyoni: ulevi wa Jumapili huo, watu wamekunywa mbege, watoto nao wamejilalia.

Jumatatu moja nikafunga safari, miguuni gambuti, kwenda kwa kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa anaishi na bibi yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Pita huku jikoni, huko kuna tope."

Kijana alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga kanga ya bibi kifuani. Juu ya mafiga, kwenye waya, lilining'inia shati la shule. Mgongo ulishakauka na kunuka moshi, lakini mikono bado ilikuwa inadondosha maji, tone moja moja, kwenye majivu. Ndilo shati lake pekee. Alilifua Jumapili baada ya ibada, na masika ya huku mlimani nguo inaweza kukaa kwenye kamba siku tatu isikauke.

"Nimemwambia avae la nyumbani," bibi akasema, "anadai mtamrudisha."

Hakudanganya. Angerudishwa, na wa kumrudisha ningekuwa mimi.

Wiki iliyofuata mkuu wa shule alikubali kwamba Jumatatu za masika fulana ya michezo ihesabiwe kuwa sare. Haikutugharimu hata shilingi mia. Jumatatu zikajaa, si zote, ila ukizisoma wima huoni tena lile tobo. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, kabla hujaita mzazi, chukua rula. Ukijua ni siku gani watoto hawaji, umeshajua nusu ya sababu.

Soko hatukulishinda, na nakushauri usijaribu. Tulichofanya ni kuhamisha vipindi. Hesabu ilikuwa kipindi cha kwanza siku ya soko, ikahamia baada ya mapumziko ya chai. Anayemsaidia mama kubeba mikungu alfajiri akafika saa tatu, anaingia, anaandika jina lake kwa mwalimu wa zamu, basi.

Halafu kuna utoro ambao daftari halikuonyeshi kabisa: wa baada ya saa sita. Asubuhi wote wapo, saa nane darasa limepukutika. Tukaanza kuita majina mara ya pili mchana, ndipo tukajua ukubwa wa jambo. Ni njaa. Mtoto katoka nyumbani na chai ya rangi saa kumi na mbili, unamfundisha kemia saa saba na nusu!

Chakula kilikuwa na mtihani wake. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, walimu wakuu wengi waliogopa hata kulitaja neno lenyewe. Kwa hiyo jambo lazima liwe la wazazi, kweli kweli. Kwetu walikaa na mtendaji wa kata, wakachagua mweka hazina wao na mtunza stoo wao, wakakubaliana madebe ya mahindi na maharage. Mwalimu asishike ufunguo wala hela, hata akiwa mwaminifu kama nani. Siku debe moja likipungua, mradi mzima umekufa.

Ugomvi ulizuka juu ya watoto ambao kwao hawakuleta kitu. Baba mmoja akasimama: "Yaani nilime mimi, ale mtoto wa jirani?" Akina mama wakamjibu kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Ulipofiwa, mmoja akamwambia, tulikuja na ndizi zetu, nani aliuliza fulani kaleta mikungu mingapi? Baba akakaa. Makande yakaliwa na wote, na saa nane darasa likawa darasa.

Matokeo yalianza kusogea mwaka wa pili, na wa tatu ziro nikazihesabu kwa vidole. Hapa wazazi wengi hawajui hesabu ilivyo, naomba niieleze. Yanahesabiwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Daraja la nne linaishia pointi 33, na 34 au 35 ni ziro. Sasa piga: D mbili na F tano ni 33. C moja na F sita, nayo ni 33. D inaanzia alama 30, C alama 45. Kwa mtoto anayeelea ukingoni, Kiswahili ndilo somo la kumtoa, nasi tulikuwa tumelidharau, vipindi vyake vinaliwa na fizikia. Nne ya 33 haimpeleki kidato cha tano, kule wanataka C tatu, simdanganyi mtu. Lakini nimemwona mtoto aliyegundua kwamba C moja iko karibu hivyo, akaanza kuja shule Ijumaa.

Kuna njia ya mkato ya kupandisha asilimia, nayo inasemwa chinichini: kuwabana walio dhaifu mpaka wakimbie kabla ya usajili wa mtihani. Nimewahi kushauriwa hivyo na mtu mzima, kwa sauti ya upole kabisa. Ukiona shule imepanda ghafla, uliza walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi.

Mwezi wa 4 mwaka jana walikuja wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, ikawa Jumatatu. Mmoja akauliza mbona shule nzima imevaa fulana. Mkuu akafungua dirisha la ofisi, mvua ikaingia mpaka kwenye mafaili.

"Funga mwalimu," yule mama akasema, "nimeelewa."