Maswali na majibu: Mipopoo, mipapindi na jamaa zao kwenye ndoo

Bwana Shamba, assalaam alaykum. Nimepanga nyumba Bububu, huku Unguja, na nina mipopoo (miti ya popoo za tambuu) minne kwenye ndoo za rangi. Kiwanja ninacho Dunga, ila kujenga huenda kukachukua miaka mitano au zaidi. Miti itafika huko ikiwa hai?

Waalaykumu salaam, mwanangu. Itafika. Miti ya jamii ya mnazi haina mzizi mkuu. Mizizi yake hutoka kwenye kitako cha shina, mingi na myembamba, wala hainenepi kwa miaka. Kwa hiyo hata ikijizungusha ndani ya ndoo haitaunyonga mti, kama ingekuwa mwembe.

Ninachokiogopa mimi ni njaa. Mpopoo, kama mnazi, hutanua kwanza kitako chake chini, kisha ndipo shina lipande. Na shina hilo likishapanda halinenepi tena. Mti ulioanza kupanda huku umebanwa na kukosa chakula hubaki na kiuno chembamba pale pale mpaka mwisho wa umri wake, hata ukija kuuweka kwenye ardhi nzuri ya Dunga. Watu hupima mche kwa urefu wa makuti. Wewe pima kitako. Kikiwa kipana na kigumu, mche una afya. Makuti marefu juu ya kitako chembamba ni dalili ya kivuli kilichozidi au chakula kilichopungua.

Basi hamisha kwa hatua. Kutoka kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) nenda ndoo ya lita 10, kisha lita 20, kisha nusu pipa. Usiurushe mche mdogo moja kwa moja kwenye pipa: udongo mwingi usio na mizizi hushika maji, huchacha, na mizizi huoza. Chagua chombo kirefu kuliko kipana, utoboe chini na ubavuni karibu na chini. Dalili ya kuhamisha ni mizizi inayochungulia kwenye matundu, au mche wenyewe kuinuka kwa sababu mizizi inausukuma juu. Ukihamisha, fanya mwanzo wa masika na usilivuruge donge.

Udongo wa kinongo (udongo mwekundu) changanya na samadi ya ng'ombe iliyoiva na makumbi (maganda ya nje ya nazi) yaliyokatwakatwa. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba (nyuzi za kusokota kamba) yana chumvi. Yaoshe kwa maji ya mvua mara nyingi, la sivyo yaache. Mpopoo mchanga unataka kivuli na haustahamili kiu, kwa hiyo wakati wa kaskazi mwagilia kila siku, na ndoo nyeusi usiziache juani kwani mizizi inaungua ndani.

Je, kitamli (mnazi mfupi) nacho naweza kukilea hivyo kwa miaka? (Msomaji, Makunduchi)

Sikushauri, bibi. Mche wa mnazi hula kutoka ndani ya nazi yake, na akiba hiyo hudumu miezi tu. Upande shambani kabla haujatimiza mwaka. Mnazi uliokawia kwenye ndoo huchelewa kushika, na dafu unazozingojea huchelewa nao.

Nimeokota mbegu za mvumo. Nizioteshe kwenye kopo gani?

Hakuna kopo linalofaa. Mvumo nao ni wa jamii ya mnazi, lakini mbegu yake, kabla hujaona jani lolote, huteremsha chipukizi chini sana ardhini, na huko ndiko mche unakoanzia. Ikigonga chini ya kopo umeshauharibu. Fukia mbegu pale pale mti utakapoishi, uweke miba kuzuia mbuzi. Mkoma nao ni hivyo hivyo.

Sisi wa Wete tumekua tukiiona mipapindi. Nataka kuilea nyumbani mpaka ifae kupandwa skuli ya kijijini. Nianzie wapi?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, kwa asili hauoti porini popote duniani isipokuwa Pemba. Jamaa zake wengi wako Madagaska, lakini huu ni wenu. Msitu wa Ngezi ndio ngome yake, na msitu ule ni hifadhi. Usiingie kuchuma wala kung'oa miche bila ruhusa ya watu wa misitu. Tafuta mti uliopandwa uani kwa mtu, uombe mbegu zilizoiva.

Mbegu usizikaushe. Menya nyama ya nje, osha, na uzifukie kidogo tu kwenye mchanganyiko wenye unyevu, chini ya kivuli. Zinahitaji subira. Mche mchanga ni mtoto wa msitu: jua la saa sita huuchoma. Baadaye utatoa vishina vingi pamoja. Usivigawe ukidhani unapata miche zaidi, kwa sababu vikitengwa mara nyingi hufa. Upe chombo kipana kidogo kuliko nilivyosema kwa mpopoo. Miezi michache kabla ya kuupeleka skuli, usogeze juani kidogo kidogo, kwanza jua la asubuhi tu. Na walimu waambieni watoto ni mti gani huo.

Kwetu Jambiani ni maweni matupu. Nina mkindu wa miaka sita kwenye nusu pipa, nataka kuupanda. Majani mapya yanatoka ya manjano na yamesinyaa.

Jani jipya likiwa manjano, chuma au manganizi havifiki, na kwenye maweni sababu kubwa ni chokaa: inavifunga mti usivipate. Kwa hiyo jivu usitie kabisa, ingawa wengi hulitia kwa nia njema. Kwenye chokaa linaongeza tatizo. Tumia mboji nyingi, na ukipata salfeti ya manganizi nyunyizia majani. Majani ya zamani yakianza kuwa na madoa ya rangi ya chungwa, hapo potasiamu imepungua. Usiyakate yakiwa bado yana uhai, kwa sababu mti unaivuta potasiamu kutoka humo kulisha machanga.

Shimo lichimbwe kwa mtaimbo, pana mara mbili ya pipa, ujaze udongo mwekundu wa kuletwa. Panda masika yakianza, Machi mwishoni au Aprili. Kwenye pipa kwa miaka sita samadi imeoza na udongo umeshuka, hivyo huenda mti umesimama juu ya mizizi iliyo wazi. Mizizi hiyo ifunike, lakini kitako kisizame. Ukiufukia shina, mizizi inakosa hewa na mti hudhoofika polepole, na mtu hulaumu udongo.

Chonga (mbawakawa wenye pembe) wanatoboa miche yangu. Nifanyeje?

Mvue kwa waya wenye ndoana kabla hajafika kwenye moyo, maana kila shina la miti ya namna hii kwa kawaida lina kilele kimoja, na kikifa shina zima limekufa. Kisha tazama jirani: magogo ya minazi yanayooza na marundo ya samadi ndiko anakozaliana. Yachome au yatawanye, na samadi ya kutia kwenye ndoo ichambue kwanza kwa mkono. Ukikuta funza mweupe, mnene, aliyejikunja, mpe kuku.