Jibu: Filimbi ya mbao ya kinanda inayoruka kwenda mlio wa juu

Umesema filimbi moja ya kinanda chako cha upepo, yenye kizibo juu, ya do ya kati, inatoa mlio mwembamba wa juu badala ya noti yake. Upepo umezidi uwezo wa mdomo, yaani uwazi ulio mbele ya filimbi ambapo sauti huzaliwa. Filimbi iliyozibwa ikizidiwa huruka hadi mara tatu ya masafa yake, si mara mbili.

Kabla ya kushika patasi, pima shinikizo: kunja bomba jembamba la mpira linaloonyesha ndani liwe umbo la U, tia maji, unganisha ncha moja na sanduku la upepo ambalo filimbi husimama juu yake. Tofauti ya milimita 50 hadi 70 kati ya vimo vya maji vya pande mbili inatosha kabisa. Ikizidi, punguza uzito juu ya mvukuto.

Shinikizo likiwa sawa, tazama kimo cha mdomo, yaani umbali kati ya ukingo wake wa chini na wa juu. Anza na robo ya upana wake, kisha chonga ukingo wa juu nusu milimita kwa nusu milimita, ukijaribu kila mara. Ukikaribia theluthi, acha. Mbao iliyokatwa hairudi, na mdomo mrefu mno huleta sauti butu yenye pumzi nyingi. Wakati mwingine kijiti kidogo kwenye tundu la mguu, upepo unapoingilia, kinatosha kuupunguza.

Mpasuo wa upepo, ule mwanya unaopeleka upepo mdomoni, uwe na upenyo wa kama nusu milimita, sawasawa mwanzo hadi mwisho, bila vumbi la mbao. Na kizibo kivishwe ngozi laini. Kikivuja, hakuna marekebisho ya mdomo yatakayosaidia.