Kwa Wanaoanza Kutunza Orodha ya Programu Huria

Wengi wanaojiunga na kazi ya kutunza orodha ya programu huria, yaani zile ambazo leseni yake inamruhusu kila mtu kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza, huja na hamu ya kuongeza majina, na hamu hiyo naithamini, kwa kuwa bila hiyo orodha haianzi. Hata hivyo, mwalimu wa kompyuta au karani wa zahanati anayefungua orodha yenu kutafuta programu ya kutunzia kumbukumbu hana muda wa kuzijaribu zote. Anategemea kwamba kila iliyomo imekaguliwa na mtu, na kwamba ukaguzi huo haujapitwa na wakati. Kwa hiyo ningependa mgeni katika kazi hii atumie majuma yake ya kwanza kukagua yaliyomo kabla ya kupendekeza lolote jipya.

Kazi ya kwanza ni leseni, nayo inahitaji subira kuliko nyingine zote. Usiridhike na neno "huria" lililoandikwa kwenye ukurasa wa mbele wa mradi. Fungua hifadhi ya msimbo, yaani mahali yanapowekwa maandishi ya programu yenyewe, na usome faili la leseni lenyewe. Utakuta miradi ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, lakini leseni inakataza matumizi ya biashara, na mradi wa namna hiyo hautimizi masharti ya Open Source Initiative, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 linaloweka masharti ya leseni huria, ambalo masharti yake yalitokana na yale ya mwaka 1997 ya jumuiya ya Debian, watengenezaji wa mfumo endeshi huria. Utakuta pia miradi isiyo na faili la leseni kabisa. Wageni wengi hudhani kwamba ukimya huo ni ruhusa, ilhali kwa sheria ya hakimiliki msimbo usio na leseni hubaki na haki zote mikononi mwa mwandishi wake. Mwandikie mwenye mradi umwombe aweke leseni. Kabla hajafanya hivyo, programu yake isiingie.

Ukishaisoma leseni, andika jina lake kamili, toleo la programu ulilolikagua na tarehe ya ukaguzi. Wapo wanaoona tarehe hiyo kuwa urasimu, lakini matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha umuhimu wake. Elasticsearch, programu ya kutafuta ndani ya data, iliacha leseni huria mwaka 2021, kisha mwaka 2024 ikaongeza leseni huria ya AGPL na kurudi miongoni mwa programu huria. Terraform, chombo cha kuandaa na kusimamia seva, iliacha leseni yake huria mwezi Agosti 2023, na watumiaji wasioridhika wakaanzisha OpenTofu kutokana na msimbo uliotangulia. Redis, hifadhidata, nayo ilibadilisha leseni mwezi Machi 2024, na muda mfupi baadaye Valkey ikazaliwa kutokana na msimbo wake wa awali. Orodha iliyokaguliwa mara moja tu ingekuwa imewapotosha wasomaji wake katika mambo yote matatu, pasipo mhariri yeyote kuandika uongo. Gawaneni programu zilizomo, kila mhariri awe na sehemu yake ya kuipitia upya angalau mara moja kwa mwaka.

Uhai wa mradi hupimwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu tarehe ya badiliko la mwisho haitoshi. Chombo kidogo kilichokamilika kinaweza kukaa miaka miwili bila kuguswa na bado kikafaa, wakati mradi wenye mabadiliko ya kila siku unaweza kuwa unapuuza taarifa za usalama zinazotumwa na watumiaji. Mimi hutazama kwanza kama taarifa hizo hujibiwa. Kwa miradi michanga, awesome-selfhosted, orodha ya programu huria ambazo mtu huziendesha kwenye seva yake mwenyewe, ina kanuni ninayoiona ya busara: programu haipokelewi kabla ya kupita miezi minne tangu toleo lake la kwanza. Mradi uliokufa nao usifutwe kimyakimya ikiwa watu bado wanalitafuta jina lake. Anayekutana na jina la Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi za OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anastahili kuelezwa kwamba LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010 na ndiyo ya kuanzia leo.

Maelezo ya programu yawe mafupi na yasibebe sifa za matangazo. Yaseme inafanya nini, inaendeshwa kwenye mfumo gani, ina Kiswahili au haina, na inafanya kazi bila intaneti au la. Kwa shule nyingi za kwetu swali hilo la mwisho ndilo linaloamua, na ndiyo sababu Kolibri, programu ya kujifunzia iliyotengenezwa kwa ajili ya mazingira hayo, inastahili kuelezwa kwa ukamilifu. F-Droid, hazina ya programu huria za simu za Android, hutupa mfano mzuri wa ukweli wa namna hii: programu ya simu inayotegemea huduma isiyo huria au inayofuatilia mtumiaji hubandikwa alama inayolitaja jambo hilo, na uamuzi huachiwa mtumiaji mwenyewe.

Mwenye programu akiileta mwenyewe, mpokeeni kwa heshima, ajitambulishe kuwa ndiye mwenye mradi, kisha akaguliwe na mtu mwingine. Mkiikataa, mtajieni kigezo kilichokosekana.

Fikirieni mapema pia hali ya orodha siku ninyi mtakapoondoka. Freshmeat, orodha ya programu iliyoanza mwaka 1997 na baadaye kuitwa Freecode, iliacha kupokea taarifa mpya mwezi Juni 2014. DMOZ, saraka ya tovuti iliyojengwa na wahariri wa kujitolea tangu mwaka 1998, ilifungwa na mmiliki wake mwezi Machi 2017, na wahariri wakaiendeleza kwa jina la Curlie. Wekeni kila programu katika faili lake la maandishi ya kawaida, ipeni orodha leseni inayoruhusu kunakiliwa, na hakikisheni kwamba nywila za seva na usajili wa jina la kikoa viko mikononi mwa watu wawili au watatu wasiofanya kazi katika ofisi moja.