Virusi vya hepatitisi B havionekani kwenye kipimo, niache dawa ya tenofovir?

Dada wa Kondele, usiache. Virusi kutoonekana baada ya miaka miwili ya tenofovir miligramu 300 kuna maana dawa inafanya kazi, si kwamba hepatitisi B imeisha. Mbegu yake hujificha ndani ya kiini cha seli za ini, ambako dawa haiwezi kuiondoa. Ukikatiza kiholela, virusi hurudi, na ini laweza kuvimba ghafla hadi lishindwe kazi. Muulize daktari kuhusu HBsAg, alama ya hepatitisi B inayopimwa kwenye damu. Ikiwa bado ipo, na kwa wengi hubaki, endelea kumeza. Pima pia ALT, kipimo cha ini, na kreatinini, kipimo cha figo, kwani tenofovir huweza kusumbua figo. Huyo jirani yako unayesema alipona kwa wiki 12 huenda alikuwa na hepatitisi C, ugonjwa mwingine kabisa.