Bei ya katalogi na rupia za babu

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu ametuachia hapa Bagamoyo rupia mbili za Mjerumani, moja ya 1890 na nyingine ya 1910. Nimezitazama kwenye katalogi ya sarafu, bei ni nzuri sana. Mnunuzi aliyekuja nyumbani anataka kutupa hata nusu haifiki. Nani muongo, katalogi au mnunuzi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huenda hakuna muongo hapo. Bei ya katalogi ni makadirio ya kile anacholipa mkusanyaji akinunua dukani. Mfanyabiashara akinunua kwako atatoa chini ya hapo, maana anaweza kukaa na rupia hiyo miezi, na faida aipate. Tena bei zile zilikusanywa kabla kitabu hakijachapwa. Soko likigeuka baadaye, kitabu hakina habari.

Lakini wengi wanapotelea kwenye hali ya sarafu. Katalogi ina safu kadhaa za bei kwa sarafu ileile, kuanzia iliyochakaa mpaka isiyowahi kutumika, na macho hukimbilia safu ya mwisho. Isogeze rupia yako dirishani umtazame Kaisari Wilhelm wa Pili. Yule tai wa juu ya kofia yake ameinuka, kwa hiyo hulika mapema. Manyoya yanaonekana? Kama pamebaki uvimbe laini tu, bei yako iko safu za mwanzo. Wataalamu hupima kwa alama 1 mpaka 70, na kule juu alama mbili tatu tu huweza kuzidisha bei maradufu.

Sasa naomba uniambie kweli: kuna mtu amezisugua? Hapa Tanga naletewa rupia zinazong'aa kama sufuria za harusi, zimepigwa majivu na ndimu kwa nia njema kabisa, na kila mara roho inaniuma. Bei za katalogi ni za sarafu ambazo hazikusuguliwa, na mikwaruzo ile haifutiki tena. Waambie nyumbani waziache na weusi wake.

Katalogi yenyewe usiitupe. Inakuonyesha ipi adimu kuliko ipi: sarafu ya rupia mbili, iliyopigwa 1893 na 1894 tu, iko mbali sana na hizi zako. Inakupa na uzito: rupia moja ni gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, yaani karibu gramu 10.7 za fedha tupu. Nenda kwa sonara mwenye mizani nzuri. Ikiwa ni halisi, thamani ya fedha hiyo ndiyo sakafu yako. Uzito ukikosana waziwazi na huo, ishuku.

Bei ya kuuzia itafute kwenye matokeo ya minada. Usichukue bei aliyoitangaza muuzaji, hiyo ni ndoto yake, chukua iliyolipwa. Kusanya tano sita za karibuni, mwaka uleule, hali inayolingana, kisha uondoe kamisheni ya mnada. Ukishapata hesabu hiyo, mwite tena mnunuzi wako umuulize amezipima rupia za babu kwa safu ipi.