Saa ya laki mbili na nusu: jibu refu kwa aliyeuliza

Mkuu, uzi wako nimeusoma tangu jana usiku nikawa najizuia. Ila baada ya mmoja hapo juu kuandika kwamba "saa ya betri siyo saa ya mwanaume" nimeona niwashe kompyuta kabisa, maana kwa simu nisingemaliza. Kwa wanaoanzia hapa: mwenye uzi kaajiriwa karibuni, ana laki mbili na nusu, anataka saa moja ya kuvaa kazini na kwenye harusi ya kaka yake. Kuna muuzaji kamwonyesha "otomatiki ya Uswisi" (otomatiki ni saa isiyo na betri, inayojijaza kwa mwendo wa mkono) kwa laki moja na nusu, kioo cha safaya, mita 30, "unaogelea nayo". Anauliza aichukue au aiache.

Iache.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, niko Tanga. Siuzi saa wala sina hela za kuchezea. Nina saa tano, na ningekuwa nazo nane kama zile tatu za mwanzo nisingezinunua kijinga. Ya kwanza niliichukua Kariakoo kwa mshahara wangu wa kwanza, nikiwa njiani kwenda kuripoti Liwale. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nzito, na ndani ya uso wake kulikuwa na visaa vingine vitatu vidogo. Nilifika nayo kituoni najiona mkurugenzi. Mwanafunzi wa kidato cha pili ndiye aliyeniuliza, "Mwalimu, mbona hivi vidogo havitembei?" Nikaangalia. Viwili vilikuwa vimechorwa, mishale yake imegandishwa tu. Masika ya pili dhahabu ikaanza kubanduka, mkono ukawa unawasha na kuacha alama nyeusi.

Nilipoigeuza vizuri nikasoma maandishi ya mgongoni: "Stainless Steel Back". Hapo ndipo wengi tunapoliwa. Maana yake ni kwamba kile kifuniko cha nyuma tu ndicho chuma kisichoshika kutu. Mwili wenyewe mara nyingi ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya bei ya chini iliyopakwa rangi, na jasho la pwani linaila kama chumvi inavyokula bati. Saa ambayo mwili wote ni chuma huandikwa hivyo bila hilo neno la mwisho. Kwa hiyo kabla hujaangalia uso, geuza saa usome mgongo.

Sasa hiyo ya Uswisi. Tangu 2017 sheria ya kule inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa ziwe zimefanyika Uswisi ndipo iandikwe "Swiss Made". Chukua laki moja na nusu yako, toa faida ya muuzaji, toa nauli ya kuileta, halafu kilichobaki kimlipe fundi wa Geneva. Haiwezekani, labda awe anafanya kazi kwa kujitolea.

Na kama wanakuambia ni otomatiki, tazama mshale wa sekunde. Ukiruka tiki moja kila sekunde, ndani kuna betri, hata kama nyuma wameweka kioo na vigurudumu vya kupendeza. Mashine nyingi za otomatiki za Kijapani zinapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kwa sekunde, kwa hiyo mshale unaonekana kama unateleza. Kipimo hiki hakihitaji kifaa wala utaalamu, na muuzaji hawezi kukuzuia kutazama.

Kuhusu kioo cha safaya, hapo kuna ukweli wa maana uliochanganywa na uongo. Mchanga wa ufukweni kwa sehemu kubwa ni madini ya kwatzi (quartz), na ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 7. Kioo cha kawaida cha saa kiko chini ya hapo, safaya ni 9. Ndiyo maana mchanga unachora kioo cha kawaida ila hauchori safaya. Lakini safaya ikigonga ukingo wa zege inaweza kupasuka mahali ambapo kioo laini kingepata mkwaruzo tu. Kwa bajeti yako usiitafute. Mkwaruzo hauui saa.

Kinachoua saa ni maji, na hapa nitakaa kidogo.

Hiyo "mita 30" si kina cha kuzamia. Ni kanieneo, yaani mgandamizo wa maji, iliyopimwa saa ikiwa mpya, maji yametulia, hakuna mkono unaopiga mbizi wala bomba linalofyatua. Kwa maisha ya kweli mita 30 ni manyunyu ya mvua na kunawa mikono. Mita 50 unaweza kuingia majini kwa tahadhari. Kuogelea kwa amani anza na 100. Wazamiaji wanataka 200 na ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia. Na hata hiyo ya 200 usikivute kile kitufe cha pembeni ukiwa majini, na usioge nayo maji ya moto, kwa sababu kinachozuia maji ni vipete vya mpira, na mpira unazeeka kama mpira mwingine wowote. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi.

Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku tuna mtihani wetu wa ziada. Maji lazima yafike chini ya saa, kwa hiyo ama unaisogeza ama unaivua. Ukiisogeza kila siku, mkanda wa ngozi haufikishi mwaka. Unakakamaa, unapasuka, halafu unanuka kama mkoba uliosahaulika kwenye mvua. Ukiivua, unaisahau. Moja yangu niliiacha juu ya ukuta wa birika la msikiti, nikarudi baada ya sala, ilishasafiri. Kwa hiyo mimi mkanda wangu ni wa nailoni au mpira siku za kazi, na wa chuma siku za shughuli. Ngozi nawaachia wanaofanya kazi kwenye kiyoyozi.

Turudi kwa yule wa "saa ya betri siyo saa". Ndugu yangu, ndani ya hiyo saa unayoidharau kuna kijiwe cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Huwa nawauliza wanafunzi kwa nini namba hiyo ya ajabu. Ni 2 kipeo cha 15. Saketi inaigawa kwa mbili, tena kwa mbili, mara kumi na tano, na kinachobaki ni mpigo mmoja kwa sekunde. Seiko wa Japani walipotoa saa ya mkono ya kwanza ya namna hii, tarehe 25 Desemba 1969, waliiuza yen 450,000, bei ya gari dogo. Leo teknolojia hiyohiyo unaivaa ukiwa unauza mihogo.

Linganisha: Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka 1989, mtengenezaji anasema itapotea sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma. Seiko 5 mpya zenye mashine ya 4R36, ambazo laki mbili na nusu yako haizifikii, zinaruhusiwa kwenda mbele sekunde 45 au kubaki nyuma 35 kwa siku moja. Mimi nikisimamia mtihani navaa hiyo ya plastiki. (Zima ile milio ya kila saa. Nimewahi kuwa kwenye chumba cha mtihani chenye saa tisa za aina hiyo, na kila moja ililia kwa sekunde yake.)

Udhaifu wa saa ya betri ni fundi. Kule Liwale ya kwangu ilisimama, nikaitupa kwenye droo nikisubiri likizo. Likizo ikapita, ikapita nyingine. Nilipoifungua betri ilikuwa imevuja na kula saketi. Betri ikifa itoe, hata kama huna nyingine ya kuweka. Ya pili niliipeleka kwa fundi wa barazani, simtaji, akaifungua kwa kisu cha mezani, akarudisha kifuniko bila kuangalia kama mpira umekaa. Siku tatu baadaye mvua, ukungu ndani ya kioo. Siku hizi fundi ninayempa saa namwangalia kwanza vifaa: ana ufunguo wa kufungulia mgongo, ana kibano, anagusa betri kwa kibano au kwa vidole vya mafuta ya chapati? Na namwambia alainishe mpira au aubadilishe, nalipia.

Ndiyo maana mtu akipangiwa kazi mbali na mji namshauri saa ya kujichaji kwa mwanga kama Citizen Eco-Drive. Mwanga wowote unaifaa, ikijaa nyingi zinakaa miezi gizani, na huna haja ya mtu kuifungua kila baada ya miaka miwili mitatu. Usiianike tu kwenye dashibodi ya gari. Inataka mwanga, haitaki kukaangwa.

Pamoja na yote hayo, sizichukii otomatiki. Niliyo nayo niliirithi kwa babu yangu, Wete, Pemba. Ni Seiko 5 ya zamani aliyoletewa na mjomba kutoka Maskati, yenye siku za wiki kwa Kiingereza na Kiarabu. Babu aliitega kwa Kiswahili: jua likizama, mshale uko kwenye 12, saa moja usiku, mshale kwenye 1. Sisi wengine tumezoea kusoma namba ya upande wa pili wa mshale, saba tunasema moja, nane tunasema mbili. Yeye aliona huo ni usumbufu usio na sababu.

Ila alikuwa na hesabu nyingine nilikuja kuielewa nikiwa mkubwa. Saa ya tarehe hubadilisha siku mshale unapopita 12, mara moja kati ya mizunguko miwili. Babu aliitega ili mzunguko huo uwe ule wa magharibi. Kwa hiyo Alhamisi akitoka kuswali magharibi, kile kidirisha kilikuwa kimeshaanza kugeuka kuwa Jumaa, kama inavyotakiwa, maana usiku ule ni usiku wa Ijumaa. Wajapani hawakulifikiria hilo. Siku moja fundi wa Chake akaisafisha na kwa wema wake akairekebisha "iende sawa". Babu alirudi kwake kwa daladala siku ileile. "Saa umeitengeneza," akamwambia, "lakini umeniharibia Ijumaa yangu."

Kwa wenye saa za namna hiyo: usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka, yaani bila kuzungusha mishale, pale saa yenyewe inapoonyesha kati ya 9 ya usiku na 4 ya alfajiri. Wakati huo meno ya kubadilisha siku yameshashikana, ukilazimisha unayavunja. Sogeza mishale kwanza ifike kwenye sita ya chini, ndipo ubadilishe.

Sasa hela yako. Mimi ningetafuta Casio MDV-107, ile ya mtindo wa wazamiaji. Mwili ni chuma, mita 200, kitufe cha pembeni kinafungwa kwa kuzungushwa, na kwa muuzaji mwaminifu inapatikana ndani ya bajeti yako na chenji ikabaki. Kioo ni cha kawaida na betri ni ya aina inayopatikana mahali pengi. Ni kubwa, milimita 44, kwa hiyo kama mkono wako ni mwembamba ijaribu kwanza isije ikaonekana kama umefunga kopo. Chenji inunue mkanda wa chuma wa milimita 22 kwa ajili ya harusi. Mkanda wake wa mpira vaa kazini. Hapo umepata saa mbili.

Ukiona ni nene mno kwa mkono wa shati, angalia Casio nyembamba za mfululizo wa MTP, lakini soma mgongo kama nilivyosema. Ukitaka F-91W ya kazi za sulubu, bonyeza kitufe cha kulia ushikilie sekunde tatu. Ya kweli inaandika CASIo. Feki nyingine nazo zimeshajifunza, kwa hiyo hicho kiwe kipimo kimojawapo. Taa ya kijani iliyofifia, inayotoka kushoto na kukuonyesha nusu tu, nayo ni dalili njema.

Otomatiki ingojee. Ukifikisha laki saba, au ukipata ya mtumba iliyofunguliwa mbele yako na fundi unayemwamini, urudi tuongee.

Ukishapata ya kununua, piga picha ya mgongo wake na video ya sekunde kumi ya mshale wa sekunde ukitembea, uweke hapa kabla hujatoa hela. Na wewe wa "saa ya mwanaume", hebu tuwekee picha ya yako sasa hivi, pembeni weka simu. Tuone inasema saa ngapi.